Punje Kubwa Haizai Zaidi

Ukubwa wa punje ya soya au ya haragwe hupimwa kwa njia moja inayoaminika: kuhesabu punje 100 zilizokauka vizuri na kuziweka kwenye mizani. Soya nyingi zinazolimwa duniani huwa kati ya gramu 10 na 20 kwa punje 100. Maharage hutofautiana zaidi. Yasiyofika gramu 25 huhesabiwa kuwa madogo, ya gramu 25 hadi 40 ni ya wastani, na yanayozidi gramu 40 ni makubwa. Juu ya tofauti hizo imejengwa imani iliyoenea kuanzia vihamba vya Marangu hadi mashamba ya tambarare ya Himo na Kahe: kwamba punje kubwa huzaa mmea mkubwa, na mmea mkubwa huzaa mavuno makubwa, kwa hiyo mkulima makini huokota punje kubwa kuliko zote kwenye ungo na kuziweka kando kwa ajili ya masika. Ushauri huohuo hutolewa na wauza mbegu, na hata baadhi ya washauri wa kilimo huurudia bila kuuhoji. Imani hiyo ina ukweli katika wiki mbili za kwanza za maisha ya mche. Ikifika kwenye mavuno haina ushahidi wa kutosha kuisimamisha, na inamgharimu mkulima fedha, mimea na aina za mbegu alizorithi.

Haishangazi kwamba imeshika mizizi Kilimanjaro. Wakulima wa mlima huu wameuza kahawa kwa ukubwa wa punje kwa vizazi kadhaa. Kahawa ikishakobolewa Moshi hupitishwa kwenye chekeche na kutengwa madaraja ya AA, A, B, C na mengineyo, na kwa kawaida AA, yaani punje kubwa, ndiyo hutazamiwa bei nzuri mnadani. Mtu aliyelelewa akisikia kwamba kubwa ndiyo bora hawezi kulaumiwa akiipeleka hukumu hiyohiyo kwenye debe la maharage. Lakini daraja la kahawa ni habari kwa mkaangaji, kwa kuwa punje za ukubwa mmoja hukaangika sawasawa. Halisemi mti uliozaa punje hizo ulibeba kilo ngapi. Tena katika madaraja hayohayo kuna PB, ile punje moja ya mviringo inayotokea pale mbegu moja kati ya mbili za tunda inaposhindwa kukua. Ni ndogo, na bado hutafutwa na wanunuzi.

Soya yenyewe haijawahi kuwa zao kuu la Kilimanjaro. Ililetwa enzi za Wajerumani na kujaribiwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1907, na leo hulimwa zaidi katika Nyanda za Juu Kusini. Huku kaskazini inajulikana zaidi kama unga wa uji wa lishe. Maharage ndiyo zao la kunde la Marangu: hupandwa chini ya migomba kwenye kihamba, na hupandwa kati ya mistari ya mahindi kwenye shamba la chini. Hata hivyo mimea hii miwili huota kwa namna ileile na hujichavusha yenyewe kwa namna ileile, na katika suala la ukubwa wa punje, linalosemwa juu ya mmoja hufaa kwa mwingine karibu kila mahali.

Uotaji wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndipo imani hii inapopata nguvu. Punje ikizikwa kwenye udongo wenye unyevu hunywa maji, ngozi hulegea, na mzizi hutangulia kushuka. Kisha shingo ya mche, sehemu iliyo kati ya mzizi na zile nusu mbili nene za punje ziitwazo ghalambegu, hurefuka ikiwa imepinda. Mpindo huo ndio unaopasua udongo, ukizivuta ghalambegu nyuma yake. Zikifika juani shingo hunyooka, ghalambegu hufunguka na kugeuka kijani, na katikati hutokeza majani mawili ya kwanza. Kwa siku 10 hadi 14 hivi mche huishi kwa akiba iliyomo ndani ya ghalambegu: protini, wanga, mafuta kwa upande wa soya, na fosforasi kidogo iliyoachwa na mmea mama. Punje kubwa ina akiba kubwa. Majani yake mawili ya kwanza huwa mapana zaidi na mzizi wake mrefu zaidi, na mkulima akipanda mistari miwili ya aina moja, mmoja wa punje kubwa na mwingine wa punje ndogo, ataitambua tofauti wiki ya pili akiwa amesimama mbali. Hakuna sababu ya kuikana tofauti hiyo.

Kosa huanza pale ubora wa wiki ya pili unapovishwa kilemba cha ukoka na kuitwa ubora wa msimu mzima. Ghalambegu zikishamaliza akiba hunyauka na kuanguka, kubwa kwa ndogo. Kuanzia hapo mche hutegemea jua, maji, naitrojeni na fosforasi ya shambani, na mambo hayo hayaulizi punje ilikuwa na gramu ngapi. Mimea ya punje ndogo huendelea kukua wakati ile mikubwa imeanza kutiliana kivuli. Majani yanapokutana kati ya mistari pengo limeshapungua, na wakati wa maua mara nyingi ni vigumu kuliona. Soya imejaribiwa kwa njia hii kwa miongo mingi, hasa Marekani. Mbegu ya aina moja hupitishwa kwenye chekeche, punje kubwa, za wastani na ndogo hupandwa kwa idadi sawa, na mazao hupimwa. Matokeo ya kawaida ni kwamba mimea inatofautiana mwanzoni na mavuno yanakaribiana mwishoni. Pale punje ndogo ziliposhindwa waziwazi, sababu ya mara nyingi ilikuwa kwamba hazikuota zote, na mapengo yakabaki shambani. Hilo ni tatizo la uotaji, na uotaji una kipimo chake, nacho si macho ya mtu anayetazama ukubwa.

Kuna mazingira ambayo nguvu ya mwanzo hudumu muda mrefu zaidi. Mche ulio chini ya kivuli kizito cha migomba, mche uliosongwa na magugu tangu siku ya kwanza, mche uliozikwa chini sana, na mche ulio katika udongo maskini wa fosforasi hutegemea akiba yake kuliko mche ulio mahali pazuri. Udongo wa volkano wa mlima huu una tabia ya kuing'ang'ania fosforasi na kuinyima mizizi, kwa hiyo jambo la mwisho si dogo kwa Marangu. Lakini dawa ya hayo yote haiko kwenye ungo. Palizi ya mapema, kupanda sentimita 3 hadi 5 badala ya 10, kupunguza majani ya migomba, na kutia samadi au mbolea ya fosfeti kama ile ya Minjingu inayochimbwa mkoani Manyara, huusaidia mche msimu mzima. Akiba ya ghalambegu husaidia siku chache kisha huisha.

Ili kuona kwa nini ukubwa wa punje hauwezi kubeba mzigo unaotwishwa, inafaa kukumbuka mavuno yanavyoundwa. Kilo zinazoingia ghalani ni zao la vitu vinne vinavyozidishwa: idadi ya mimea shambani, idadi ya maganda kwa mmea, idadi ya punje kwa ganda, na uzito wa punje moja. Vitu hivi havisimami kila kimoja peke yake. Soya hudondosha sehemu kubwa ya maua yake, mara nyingi zaidi ya nusu, hata msimu ukiwa mzuri, na kwa njia hiyo hujipimia maganda inayoweza kuyalisha. Mmea wenye maganda mengi hugawa chakula kwa punje nyingi, na kila moja hupata kidogo. Mmea wenye maganda machache humwaga chakula chote katika punje chache, nazo hunenepa. Kupandisha kipimo kimoja mara nyingi ni kukishusha kingine.

Hapa ndipo desturi ya kuokota punje kubwa hugeuka kuwa hasara halisi. Kwenye shamba la tambarare chini ya Marangu, mvua ikikatika wiki mbili maharage yakiwa kwenye maua, mimea iliyoumia zaidi hudondosha maua na kubaki na maganda matatu au manne. Mvua ikirudi kabla ya kukomaa, maganda hayo machache hupata maji na chakula kingi kuliko yanavyohitaji, na punje zake hutoka nene na zenye kung'aa. Jirani yake aliyestahimili ukame akashika maganda 15 hutoa punje za wastani. Mimea yote hung'olewa, huanikwa, hupigwa kwa fimbo na kupepetwa pamoja. Mama anayekaa barazani kuchambua mbegu haoni tena mmea upi ulizaa nini. Anaona rundo moja. Vidole vinavyokwenda kwenye punje kubwa vinaweza kuwa vinachukua uzao wa mmea ulioshindwa na kuupeleka jikoni uzao wa mmea ulioshinda. Ukubwa uliotokana na ajali ya mvua hautarithiwa. Ila ikiwa kushindwa kulitokana na udhaifu wa mmea wenyewe, udhaifu huo ndio utakaopandwa.

Suala la kurithi lilishajibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena kwa maharage ya kawaida. Mwaka 1903 mtaalamu wa mimea wa Denmark, Wilhelm Johannsen, alichapisha kazi aliyoifanya kwa kupima punje moja moja, kupanda kila moja peke yake na kufuatilia uzao wake. Alipata koo 19, kila moja imetokana na punje moja iliyojichavusha. Kati ya ukoo na ukoo tofauti za ukubwa zilikuwa dhahiri na zilirithiwa: ukoo wa punje kubwa uliendelea kuzaa punje kubwa. Ndani ya ukoo mmoja hali ilikuwa nyingine kabisa. Alichagua punje kubwa kabisa za ukoo huo na punje zake ndogo kabisa, akazipanda, na wastani wa uzao wa makundi hayo mawili ukatoka karibu sawa. Akarudia mwaka baada ya mwaka, na uchaguzi wake haukuusogeza ukoo upande wowote. Punje zilitofautiana kwa sababu moja ilikaa mahali pazuri kwenye ganda na nyingine mahali pabaya, moja ilipata maji na nyingine ilikosa, na hali hizo haziingii katika urithi. Kazi hiyo ni miongoni mwa misingi ya elimu yote ya urithi, na Johannsen ndiye aliyeliingiza neno jeni katika sayansi mwaka 1909. Ni jambo la kusikitisha kwamba matokeo yaliyopatikana kwa maharage yamekwenda kuwafaidi wataalamu wa kila kiumbe, na mkulima wa maharage bado anaambiwa aokote punje kubwa.

Johannsen pia aliacha onyo ambalo Kilimanjaro inahusika nalo moja kwa moja. Uchaguzi wa ukubwa haufanyi kazi ndani ya ukoo mmoja, lakini kwenye mchanganyiko wa koo nyingi unafanya kazi sana. Maharage ya kihamba mara nyingi ni mchanganyiko: mekundu, ya njano, yenye madoa, ya kijivu, makubwa na madogo katika debe moja. Anayeokota makubwa tu kila mwaka haboreshi mbegu yake, anapunguza koo. Baada ya misimu michache ndogo zimeisha, na hakuna aliyeamua ziishe. Miongoni mwa zilizopotea yawezekana kulikuwa na zile zilizostahimili ugonjwa wa chule, au zilizotoa chochote mwaka ambao masika yalikatika mapema.

Tena hasara hiyo ina mwelekeo. Maharage yalianza kulimwa na binadamu katika sehemu mbili zilizo mbali, milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na Mexico pamoja na Amerika ya Kati. Aina zenye punje kubwa kwa sehemu kubwa ni za asili ya Andes, na zenye punje ndogo ni za asili ya Mexico. Watafiti wa zao hili wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba, kwa wastani, aina za punje ndogo ndizo zenye uwezo mkubwa zaidi wa kuzaa kwa ekari. Afrika Mashariki hupenda zile kubwa kwa rangi, kwa ladha na kwa jinsi zinavyoonekana kwenye sahani, na mapenzi hayo ni halali. Kituo cha utafiti cha Lyamungo, wilayani Hai, kilikubali hali hiyo kilipotoa Lyamungo 85 na baadaye Lyamungo 90, aina za punje kubwa zenye mabaka zilizopokewa vizuri sokoni. Aina hizo hazikutolewa kwa sababu punje yake ni kubwa peke yake. Zilipimwa kwa mavuno na kwa magonjwa dhidi ya nyingine, shambani, msimu baada ya msimu. Kazi hiyo haifanyiki kwa jicho juu ya ungo.

Watetezi wa punje kubwa huuliza: kama ukubwa hauna maana, kwa nini binadamu aliuongeza kwa maelfu ya miaka? Soya ya porini ina gramu 1 hadi 3 tu kwa punje 100, na ya shambani imeizidi mara kadhaa. Ni kweli. Binadamu alitaka kitu anachoweza kukivuna, kukimenya na kukipika. Lakini safari hiyo ilishafika. Kati ya aina za soya zinazolimwa sasa, ukubwa hufuata matumizi. Japani hutafuta punje ndogo sana kwa ajili ya nato, chakula cha soya iliyochachushwa, na hutafuta punje kubwa sana kwa soya inayochemshwa mbichi kwenye maganda yake. Soya nyingi ya mafuta na ya chakula cha kuku iko katikati. Mavuno kwa ekari hayakupangwa kwa ngazi ya ukubwa huo.

Punje kubwa ina udhaifu wake, na huo hausemwi kamwe. Wa kwanza uko kwenye kuchomoza. Soya huhitaji kunywa maji karibu nusu ya uzito wake kabla haijaota, wakati mahindi hutosheka na theluthi hivi. Punje nene ina maji mengi zaidi ya kunywa, na unyevu ukiwa haba huchelewa. Kisha ghalambegu nene lazima zivutwe kupita kwenye udongo. Udongo mzito wa tambarare ukipigwa na mvua kubwa na kufuatwa na jua kali siku mbili tatu hufanya ukoko. Mpindo wa shingo unaweza kupenya, lakini ghalambegu pana hukwama. Shingo hukatika, au mche hutoka umeacha ghalambegu na kichipukizi chini, ukabaki kijiti cheupe kisicho na jani. Mkulima hulaumu panya au ndege. Mche wenye ghalambegu ndogo hupita mahali hapohapo.

Udhaifu wa pili uko kwenye fimbo. Maharage na soya hupigwa ili yatoke kwenye maganda, na punje nzito huangukia kwa nguvu zaidi. Kiinitete cha soya kiko ubavuni, chini ya ngozi nyembamba sana, na pigo moja kwenye punje iliyokauka kupita kiasi hukivunja bila alama inayoonekana kwa macho. Punje hiyo itabaki nzuri kwenye ungo na itaoza shambani. Katika mbegu iliyopigwa vibaya, punje kubwa ndizo huumia zaidi.

La tatu ni hesabu, na ndiyo hasara inayopimika kwa shilingi. Maharage ya mbegu sokoni Marangu Mtoni au Himo hununuliwa kwa sado, kwa debe au kwa kilo. Hakuna anayeyanunua kwa idadi, na shamba linahitaji idadi. Nafasi ya sentimita 50 kwa 20, punje mbili kila shimo, huhitaji punje zipatazo 80,000 kwa ekari. Ikiwa punje 100 zina gramu 25, hizo ni kilo 20. Ikiwa zina gramu 50, ni kilo 40. Anayenunua kilo 20 za mbegu kubwa akidhani amejitosheleza ameweka shambani nusu ya mimea, na haragwe fupi lisilotambaa, lenye msimu wa miezi mitatu hivi, haliwezi kuziba pengo la nusu nzima kwa kuongeza matawi. Kwa soya ni vivyo hivyo: kilo moja yenye gramu 12 kwa punje 100 ina punje zipatazo 8,300, na kilo yenye gramu 20 ina 5,000 tu. Wauzaji wa Marekani walishatambua hilo, na mbegu ya soya huko huuzwa kwa hesabu ya punje, kwa kawaida 140,000 kwa mfuko, uzito ukiachwa uwe utakavyokuwa. Mkulima wa Marangu anayelipa zaidi kwa kilo ya mbegu eti kwa sababu punje ni kubwa analipa zaidi ili apate mimea michache.

Kuna hoja moja ya upande wa pili isiyopaswa kudharauliwa. Katika kila rundo kuna punje ndogo zilizosinyaa, zenye makunyanzi, zilizovunwa mbichi au zilizotoka kwenye maganda yaliyougua. Hizo hazifai, na anayezitupa anafanya vema. Lakini ubaya wake ni uchanga na ugonjwa, na udogo ni dalili tu. Punje ndogo iliyojaa, ngumu, yenye ngozi safi, iliyotoka kwenye ganda lililokomaa, ni mbegu kamili. Kutupa zilizosinyaa ni jambo moja, kuokota majitu ni jambo lingine, na ushauri mbaya huanza pale mambo hayo mawili yanapofanywa moja. Ndiyo hali pia kwenye mahindi, ambapo wengi huchukua punje za katikati ya gunzi na kuacha za ncha. Za katikati hulingana, na hilo husaidia kupanda kwa mashine. Mbegu chotara hutengwa kwa ukubwa kiwandani kwa sababu hiyohiyo, na punje ndogo za mfuko mmoja zina urithi wa aina ileile na zile kubwa.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kwamba ukubwa hufunika macho yasione yanayoamua. Umri wa mbegu ni wa kwanza. Soya ina mafuta karibu asilimia 20, na mafuta huharibika. Mbegu iliyokaa kwenye joto na unyevu miezi minane inaweza kuwa nene na imekufa. Ugonjwa ni wa pili. Virusi vya batobato ya maharage na vimelea vya chule husafiri ndani ya punje, na punje kubwa yenye kung'aa inaweza kuvibeba kama nyingine yoyote. Kwa soya kuna la tatu, ambalo peke yake linaweza kuamua msimu: bakteria wa vinundu. Soya nyingi hazipati naitrojeni ya kutosha zikipandwa mahali ambapo bakteria wake hawajawahi kuwepo, na ndiyo maana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilitengeneza chanjo ya Nitrosua ya kupaka kwenye mbegu. Ukichimba mmea wakati wa maua na kupasua kinundu, rangi nyekundu au ya waridi ndani ni dalili kwamba kinafanya kazi. Shamba la soya lisilo na vinundu hubaki la njano na huvuna mabua, punje zilizopandwa ziwe na gramu 10 au 25.

Uchaguzi wenye faida hufanyika kabla ya kuvuna, mimea ikiwa bado imesimama na maganda yamejaa. Mkulima hupita katikati ya shamba, mbali na kingo na mbali na mahali palipowahi kurundikwa samadi, maana mmea ulioneemeka kwa mahali hauna cha kurithisha. Huitazama mimea yenye majani yasiyo na mabaka, iliyobeba maganda mengi yaliyojaa huku jirani zake wakipata jua na maji yaleyale, na kuifunga ukambaa wa mgomba. Mimea hiyo huvunwa mapema na peke yake, hukaushwa kivulini au kwenye jua lisilo kali, hupukuchuliwa kwa mkono na kutolewa zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye madoa. Zilizobaki, kubwa na ndogo, zote ni mbegu. Kama shamba ni la mchanganyiko, kila rangi huchaguliwa kwa mimea yake bora, na hakuna rangi inayofutwa kwa sababu ni ndogo.

Kisha punje 100 huhesabiwa bila kuchagua na kupandwa kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya siku 8 hivi miche mizima huhesabiwa. Zikiota 90, kiasi cha kawaida kinatosha. Zikiota 60, mbegu huongezwa kwa nusu au hutafutwa nyingine. Punje 100 nyingine huwekwa kwenye mizani ya dukani. Hapo ndipo ukubwa una kazi ya kweli: kumwambia mkulima anunue kilo ngapi.

Soko nalo lina haki yake. Mnunuzi wa Himo anayepakia maharage ya kwenda Dar es Salaam au Taveta hulipa vizuri punje kubwa zenye rangi anayoijua, na hakuna atakayemshawishi vinginevyo. Jibu la hilo ni kupanda aina ambayo asili yake ni punje kubwa, kwa idadi kamili ya mimea na kwa kilo nyingi zaidi za mbegu, huku gharama hiyo ikiingizwa kwenye hesabu ya faida. Kuokota punje kubwa ndani ya aina hiyo hakutaifanya msimu ujao iwe kubwa zaidi, na punje kubwa zilizobaki nyumbani kama mbegu ni zilezile ambazo mnunuzi angezilipia.